Ufundi wa Kukatizwa

Mtu ambaye hajawahi kuhudhuria mashindano ya mahakama ya mfano hudhani anakwenda kusikiliza hotuba. Anaingia ukumbini, anawakuta vijana wa sheria wamevaa suti nyeusi na mashati meupe, majalada yamepangwa mezani, majaji watatu wamekaa mbele, na binti wa mwaka wa tatu amesimama kwenye kimimbari. "Mheshimiwa Rais wa Mahakama, Waheshimiwa Majaji, ikiwapendeza, mimi ni wakili wa kwanza wa mleta maombi..." Sauti imenyooka, pumzi imetulia. Mgeni anajiegemeza kitini ajipatie burudani. Kabla sentensi ya tatu haijakamilika, jaji wa kushoto anaingilia: "Samahani, wakili. Mteja wako hakukata rufaa huko kwao. Kwetu amefuata nini?"

Hotuba imeishia hapo. Muda uliobaki wote ni wa kuulizwa.

Nimeyafuatilia mashindano haya kwa miaka, mara nyingine nikikaa viti vya nyuma, mara nyingine nikivutwa kwenye jopo pale wakili aliyealikwa anapopiga simu asubuhi kusema amepangiwa kesi. Kadiri ninavyoyatazama ndivyo ninavyozidi kuvutiwa na jambo moja: namna mwanafunzi anavyopokea kukatizwa. Wasemaji wazuri tunao tele. Wako misibani, harusini, redioni na kwenye majukwaa ya kampeni, watu wanaoweza kusema nusu saa bila kumeza mate. Lakini mnyime mmoja wao nafasi ya kumaliza alichokikariri, umuulize swali moja lisilo na mzunguko, utaona jasho. Mwanafunzi wa mahakama ya mfano hufunzwa kinyume chake. Anaandaa maneno akijua kwamba mengi hatayasema.

Mashindano yenyewe ni ya aina mbili, na watu huyachanganya. Mahakama ya mfano huiga mahakama ya rufaa au ya kimataifa: hakuna shahidi, hakuna panga lililookotwa eneo la tukio, mambo yaliyotokea yameshaandikwa na kukubaliwa, kinachobishaniwa ni sheria. Kesi ya kuigiza huiga mahakama ya chini: kuna mashahidi, vielelezo, pingamizi, na mtu kizimbani. Ya kwanza ndiyo inayosafirisha vijana duniani. Mashindano ya Jessup yalianza mwaka 1960 pale Harvard, Marekani, na yana jina la Philip Jessup, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague kuanzia 1961 hadi 1970. Kwetu Afrika, Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria kimekuwa kikiandaa mashindano ya bara zima tangu 1992, ambayo sasa yamepewa jina la Christof Heyns, mwanasheria wa Afrika Kusini aliyefariki mwaka 2021. Hebu zingatia mwaka huo wa 1992. Itifaki ya kuunda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitishwa 1998, ikaanza kutumika 2004, na Mahakama ikahamia Arusha mwaka 2007. Wanafunzi walitangulia kubishana kuhusu haki za Waafrika, mahakama ikafuata baadaye.

Fainali ya mashindano hayo ya Afrika ina utaratibu ninaoupenda. Kwa miaka mingi timu bora za wanaozungumza Kiingereza, Kifaransa na Kireno zimekuwa zikiunganishwa ziwe upande mmoja. Watu waliokuwa wapinzani juzi wanakaa meza moja usiku kucha, kila mmoja na lugha yake, wakijenga hoja moja itakayosikika kupitia wakalimani. Anayejua jinsi mawakili wawili wa mji mmoja wanavyoshindwa kuelewana juu ya aya moja ataelewa ugumu wake.

Desturi hii ni ya kale. Katika karne ya 15 na ya 16, vijana waliosomea uwakili kwenye vyama vinne vya London, yaani Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple, walijifunza kazi kwa kubishania kesi za kubuni mbele ya wakubwa wao. Vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo mabishano ndiyo yaliyokuwa darasa. Karne ya 17, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoivuruga Uingereza, desturi ikafifia; Gray's Inn wakaifufua mwaka 1875. Kule Harvard wanafunzi walikabidhiwa usukani mapema: baraza lao la ushauri liliundwa 1910, mashindano ya Ames yakaanza 1911, na hadi leo wanafunzi ndio wanaoyaendesha, hata pale jopo la fainali linapoongozwa na jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Sasa nirudi kwa yule binti na swali lake, maana hapo ndipo penye utamu.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, katika kifungu cha 56, unaweka masharti saba ambayo shauri lazima liyatimize kabla ya kusikilizwa. Sharti la tano ndilo linalozika timu nyingi: mlalamikaji awe amezimaliza njia za kisheria za nchini mwake, isipokuwa kama ni dhahiri kwamba zinacheleweshwa kupita kiasi. Tuseme kesi ya kubuni inamhusu mama anayeuza vitenge mtandaoni, ambaye serikali yake ilizima intaneti wiki ya uchaguzi, biashara ikafa. Alifungua shauri Mahakama Kuu, akashindwa, akaishia hapo. Leo yuko Arusha. Kwa nini hakukata rufaa?

Mwanafunzi wa kwanza atajibu: "Mheshimiwa, suala hilo nitalifikia katika sehemu ya pili ya hoja zangu." Jibu lina adabu zote, na ni kosa kubwa. Jaji hakuuliza ratiba. Wa pili atakimbilia maelezo: ataanza na asili ya sharti lenyewe, ataitaja Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, atamwaga kesi nne kwa mkupuo, na dakika moja na nusu itapita jaji akiwa bado hajui kama rufaa ilikatwa au haikukatwa. Wa tatu atasema: "Ni kweli, Mheshimiwa, hakukata rufaa. Hakulazimika, kwa sababu rufaa ile isingeweza kumpa nafuu." Halafu atatua kidogo, amtazame jaji usoni, ndipo aendelee.

Sentensi hizo mbili zina kazi nyingi kuliko zinavyoonekana. Jambo baya kwake amelikiri bila kuvutwa, na mara moja amelinyima sumu kwa kutoa sababu. Na kule kutua si pambo. Anampa jaji nafasi ya kuuliza tena kama hajaridhika, badala ya kumfukia kwa maneno. Wengi hushindwa hapo. Ukimya wa sekunde mbili ukumbini huwa mrefu sana kwa mtu aliyesimama, na kila kiungo cha mwili kinamwambia aujaze.

Jaji naye hatamwacha. "Unaegemea uamuzi gani?" Karibu kila timu huja na jibu lile lile: Jawara dhidi ya Gambia, uamuzi wa Kamisheni ya Afrika wa mwaka 2000. Sir Dawda Jawara, rais aliyepinduliwa mwaka 1994, aliilalamikia nchi aliyokuwa akiiongoza, na Kamisheni ikasema kwamba njia ya kisheria ya ndani lazima iwepo kwa kweli, iwe na uwezo wa kuleta matokeo, na itosheleze kuponya kinacholalamikiwa. Mambo matatu hayo mwanafunzi anayajua hata ukimwamsha usingizini. Jaji mzuri anayajua pia, na anajua habari iliyo nyuma yake: "Lakini wakili, Jawara alikuwa kiongozi aliyepinduliwa, yuko nje ya nchi, anahofia uhai wake. Mteja wako anakaa mtaa wa pili kutoka Mahakama ya Rufani."

Ukumbi hucheka. Mimi hapo husogea mbele kitini, kwa sababu sasa tutajua kama huyu ni fundi. Asiyeiva atang'ang'ania, atatafuta namna ya kumfanya muuza vitenge afanane na rais aliye uhamishoni, na kila sentensi itamzamisha zaidi. Aliyeiva ataachia. "Ndiyo, Mheshimiwa, kwa upande wa hofu mambo hayo mawili hayafanani, na hatuegemei hapo. Tunaegemea kigezo cha pili. Aya ya 14 ya maelezo ya kesi inaonyesha kwamba Mahakama ya Rufani ya nchi ile haina uwezo wa kutengua amri ya waziri inayotolewa kwa sababu za usalama." Ameitoa sadaka nusu ya uamuzi alioutegemea, amebaki na nusu inayomfaa, na ameirudisha mahakama kwenye ukurasa wa maelezo ya kesi, ambako jaji hawezi kumpinga bila kusoma.

Timu iliyosoma zaidi itakuwa na akiba. Mwaka 2015, katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika ilisema mlalamikaji halazimiki kupitia njia zisizo za kawaida, kama vile kuomba mapitio ya hukumu iliyokwisha kutolewa na Mahakama ya Rufani. Ni hoja nzuri, na ni mtego pia. Kukata rufaa ni njia ya kawaida kabisa, kwa hiyo anayeitaja Thomas kumtetea mama wa vitenge atakutana na swali fupi: "Umeisoma hukumu hiyo, wakili, au umeisoma mahali palipoitaja?" Nimewaona vijana wakipauka kwa swali hilo. Nimemwona pia mmoja aliyejibu, "Niliisoma, Mheshimiwa, na nakubali haitufai hapa, nilipaswa kuiacha," akapata tabasamu la jaji mkali kuliko wote siku ile.

Ustadi huo haushuki kutoka mbinguni. Jioni, darasa likishakuwa tupu, timu hukaa na mwenzao mmoja akawa jaji mkorofi. Wanaanza na hotuba nzima iliyoandikwa. Wiki zinavyosonga, karatasi zinapungua: kurasa kumi zinakuwa tatu, tatu zinakuwa moja. Siku ya mashindano, walio bora husimama na jalada lililofunguliwa pande mbili tu, kushoto vichwa vya hoja, kulia orodha ya kesi na namba za aya, na pembeni vibandiko vya rangi vinavyotokeza ili mkono uifikie karatasi bila jicho kushuka. Timu moja niliyoitazama kwa karibu ilikuwa na kibandiko chekundu kwenye ukurasa walioupa kichwa "Yale Tunayoyaogopa". Yalikuwa maswali ambayo hawakuwa na majibu yake mazuri. Kwa kila swali waliandika jibu lisilo zuri lakini la kweli, na mstari mmoja wa kutokea hapo kwenda kwenye hoja yao yenye nguvu. Ukurasa ule ulikuwa umechakaa kuliko mingine yote.

Wapo pia wasiosema. Timu ya Jessup ina watu wawili hadi watano, na wanaozungumza katika raundi ni wawili. Anayekaa kando yao mezani amelisoma jalada lote, anafuatilia kila neno, na kazi yake ni kumsogezea kijikaratasi kwa wakati msemaji anayesubiri zamu yake mezani. Kijikaratasi kizuri kina neno moja au mawili: "aya 22", basi. Kikiwa na sentensi nzima kinamvuruga msemaji, kwa sababu hawezi kusoma na kusikiliza jaji kwa pamoja.

Wanafunzi wa Kenya wana darasa la ziada ambalo vizazi vilivyotangulia havikuwa nalo. Mashauri ya uchaguzi wa rais mbele ya Mahakama ya Juu, ya 2013, 2017 na 2022, yalirushwa moja kwa moja kwenye televisheni, pamoja na lile la 2017 lililoishia Septemba 1 kwa kufuta matokeo. Ukiyatazama tena ukiwa umezima hamu ya kujua nani alishinda, ukatazama mawakili wakongwe wakiulizwa tu, utaona kila kosa la mwanafunzi likifanywa na watu wenye nywele nyeupe, na utaona pia wachache wanaojibu kwa sentensi moja na kukaa.

Jambo moja huwaudhi wageni: kila timu lazima iwe tayari kutetea pande zote mbili. Katika Jessup huandikwa hoja za maandishi za mleta maombi na za mjibu maombi, zote na timu ile ile. Asubuhi unamtetea mama wa vitenge, mchana unamtetea waziri aliyezima intaneti. Wanasema hiyo ni shule ya unafiki. Naelewa wasiwasi wao, ila nadhani wamekosea. Chukua hukumu ya Juni 2013 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, ambapo Mahakama ya Afrika ilisema Tanzania ilivunja Mkataba kwa kuzuia mgombea binafsi. Karibu kila kijana wa Kitanzania ana maoni juu ya jambo hilo kabla hajasoma ukurasa wa kwanza. Mpe upande asioupenda. Mlazimishe kuutafutia hoja ambayo mtu mwenye akili timamu angeiamini. Atarudi kwenye upande wake akiwa anajua ni wapi unavuja, na hatawaona tena wanaompinga kuwa ni wajinga au wamenunuliwa.

Nimewasifu wanaosimama. Walioandaa wanastahili zaidi, na hawapigiwi makofi. Chama cha wanafunzi ndicho kinachotafuta ukumbi, kinachobembeleza majaji na mawakili, kinachochapa karatasi za alama, kinachozipa timu namba ili jopo lisijue nani ametoka chuo gani. Mtunza muda huwa ni kijana wa mwaka wa kwanza mwenye kadi zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Huyo ndiye mtu pekee ukumbini anayeweza kumnyamazisha kila aliyesimama kwenye kimimbari. Kadi ya mwisho ikiinuliwa katikati ya jibu, wakili mwenye adabu husema, "Naona muda wangu umekwisha, Mheshimiwa; naomba sekunde thelathini nimalizie kukujibu." Anaomba kumalizia kujibu, haombi kumalizia hoja yake. Majaji karibu wote hukubali.

Kazi ngumu kupita zote ni kuandika kesi yenyewe. Ikiegemea upande mmoja, mashindano yameharibika kabla hayajaanza, maana mshindi atapatikana kwa kurusha shilingi ya kuchagua upande. Kwa hiyo mwandishi hupima kila jambo. Akimpa mama wa vitenge ushahidi wa hasara, lazima ampe serikali tishio la kweli, labda ujumbe wa uchochezi uliosambaa siku mbili kabla. Akimpa waziri sheria inayomruhusu kuzima mtandao, ataiweka amri itolewe saa nne usiku na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali siku tatu baadaye, halafu atanyamaza. Hatasema kwamba tarehe hizo zina maana. Timu itakayoziona itapata hoja, na ambayo haitaziona itashangaa jaji anapoziuliza. Kisha timu huandika kuomba ufafanuzi: je, Mahakama ya Rufani ya nchi hii iliwahi kusikiliza shauri kama hili? Waandaaji lazima wajibu kwa namna inayoondoa utata bila kuupeleka upande wowote mbele. Nimeona rasimu za majibu hayo zikiwa zimefutwafutwa mpaka karatasi imetoboka, na mwishoni jibu likawa "Maelezo ya kesi yanajitosheleza."

Kesi ya kuigiza inadai ustadi mwingine, na kwa maoni yangu haipewi heshima yake. Hapa wakili hajibu, anauliza. Shahidi ni mwanafunzi mwenzake aliyepewa maelezo ya kurasa mbili na kuambiwa asizue kitu nje ya hayo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, ambayo asili yake ni ile ya India ya 1872, inamruhusu wakili wa upande wa pili kutumia maswali ya kuongoza anapododosa, na ndani ya ruhusa hiyo ndimo ufundi wote ulimo. Tazama kijana akimdodosa mlinzi wa usiku aliyesema alimtambua mwizi wa duka.

"Ulikuwa langoni?" Ndiyo. "Duka liko ng'ambo ya barabara?" Ndiyo. "Taa ya nguzo mbele ya duka ilikuwa imeungua tangu Jumatatu?" Ndiyo. "Uliliandika hilo mwenyewe kwenye daftari la zamu?" Ndiyo. "Uliyemwona alikuwa anakimbia?" Ndiyo. "Akielekea kule, si kwako?" Kimya kidogo. Ndiyo. "Alipita nyuma ya lori lililoegeshwa?" Ndiyo. "Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Aliyesoma sheria Tanzania atajua kilichopita hapo. Katika kesi ya mwaka 1980 ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilieleza mambo ya kuangaliwa kabla ya kuamini kwamba shahidi alimtambua mtu kwa macho: alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga na mazingira mengine yalikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Kijana hakuitaja kesi hiyo hata mara moja. Aliigeuza kuwa maswali, kila swali na jambo moja, kila jambo likiwa limeshaandikwa mahali ambapo shahidi hawezi kulikana. Ataitaja baadaye, kwenye hoja za mwisho, wakati majibu yote yako tayari mikononi mwake.

Na kuna swali ambalo hakuliuliza: "Sasa katika giza hilo, ulimtambuaje?" Linamwasha kila asiye na uzoefu, kwa sababu linaonekana kama msumari wa mwisho. Nimemwona mmoja akilipigilia. Shahidi akamgeukia hakimu akasema, "Huyu ni mtoto wa jirani yangu, namjua tangu anatambaa. Hata nikisikia anakohoa najua ni yeye." Upande wa mashtaka walikuwa wameisahau kabisa aya hiyo ya maelezo ya shahidi, wakakumbushwa bure. Yule binti aliyeigiza mlinzi alistahili alama zake pia. Alisubiri mlango ufunguliwe, hakuusukuma.

Kuna jambo linalonikera katika haya yote. Mlinzi wa usiku, mama muuza samaki, dereva wa bodaboda, wote husimama kizimbani kwenye kesi hizi za kuigiza wakajibu kwa Kiingereza cha kitabuni. Hakuna mlinzi wa namna hiyo. Katika mahakama zetu shahidi amekuwa akisema Kiswahili, na kwa miongo mingi hakimu aliye juu ya mahakama ya mwanzo akiandika kumbukumbu kwa Kiingereza, hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Shahada ya sheria bado inafundishwa kwa Kiingereza, na mashindano yamefuata shahada. Nawaelewa waandaaji: The Hague hawabishani kwa Kiswahili, na kijana anataka kwenda The Hague. Lakini wale vijana wa Gray's Inn na wenzao nao walibishana kwa Kifaransa cha sheria, lugha ambayo hakuna muuza mkate wa London aliyeielewa. Sheria ya 1362 ilikuwa imeagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza. Mawakili wakaipuuza kwa starehe zao, na mpaka sheria nyingine ilipoanza kutumika mwaka 1733 ndipo Kilatini na Kifaransa chao vilipoondolewa mahakamani. Tukijipima kwa mwendo huo, bado tuko mbele sana.

Nimetazama kesi za kuigiza zilizoendeshwa kwa Kiswahili, na tofauti inaonekana mara tu dodoso linapoanza. Shahidi anaacha kujibu "ndiyo" na "hapana" za kuandikiwa. Anaanza kueleza, kujitetea, kuapa, kama mashahidi wa kweli wanavyofanya, na wakili lazima amrudishe kwenye swali. Tena hapo kuna adabu ambayo vitabu vya Marekani haviwezi kumfundisha. Kijana wa miaka ishirini na miwili hawezi kumkaripia mtu mzima mbele ya watu. Ukumbi mzima utamchukia, hata majaji. Inambidi ambane akiwa bado anamheshimu. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akimdodosa shahidi aliyeigiza mzee wa mtaa, aliyedai kuona mapigano yote kutoka barazani kwake, alisimama mikono nyuma, akainamisha kichwa kidogo.

"Mzee wangu, sitakuchosha. Yale mapigano yalikuwa upande wa kisimani?"

"Kule kule kisimani, mwanangu."

"Na ulitoka nje haraka uliposikia kelele?"

"Mbio mbio! Hata kanzu sikuvaa, nilitoka na shuka."

"Pole sana mzee. Na miwani?"

"Miwani ilibaki kitandani, nitaitafuta saa ngapi?"

"Ahsante, mzee wangu," akasema kijana, akakaa. Wakili wa upande wa pili alikuwa ameshasimama kupinga, na hakupata cha kupinga.